Kufufua Visima vya Sola: Maji ya Watu na Mifugo Wakati wa Kiangazi

Mkazi wa Gazi akifungua mfereji na maji yasitoke, huchukua mtungi wake akaenda kuteka kwa jirani. Mfugaji wa Kinango mara nyingi hana jirani wa namna hiyo. Kisima kingine kinaweza kuwa mwendo wa saa kadhaa, na ng'ombe aliyekwisha konda hafiki. Ndiyo maana pampu moja ikiharibika mwezi wa Februari huko bara ya kaunti yetu, hasara yake huhesabiwa kwa mizoga.

Visima vingi vilivyokauka mifereji havijakauka maji. Maji yako chini palepale yalipokuwa. Kilichokufa ni pampu, waya, bomba, au kamati iliyokuwa ikisimamia. Kufufua kisima cha namna hiyo kwa kawaida ni kazi nyepesi kuliko kuchimba kipya, kwa sababu shimo lipo na ndilo sehemu yenye gharama kubwa. Lakini kuna njia ya kufufua kisima kikadumu, na kuna njia ya kukifufua kikafa tena kabla ya mvua za pili. Makala hii inaeleza tofauti yake, ili wewe mkazi ujue la kuuliza mradi unapofika kijijini kwenu.

Kaunti moja, maji ya aina mbili

Kwale ina maeneo bunge manne: Matuga, Msambweni, Lunga Lunga na Kinango. Ukanda wa pwani, kuanzia Tiwi na Diani kupitia Gazi hadi Msambweni, umekaa juu ya mchanga na mawe ya matumbawe. Maji hapa hayako mbali chini, na kwa vizazi vingi watu wamechimba visima kwa mikono. Mvua nayo hunyesha vizuri zaidi karibu na bahari na kwenye vilima vya Shimba.

Ukivuka vilima hivyo kuelekea magharibi, Ndavaya, Puma, Samburu, Mackinnon Road, hali hubadilika. Mvua hupungua, jua huzidi, na riziki ya familia nyingi ni ng'ombe, mbuzi na kondoo. Maji ya mifugo hutegemea malambo yanayojaa wakati wa masika na vuli. Mvua zikikosa msimu mmoja, lambo hugeuka tope. Zikikosa misimu miwili, tope hupasuka.

Kati ya vuli ya 2020 na vuli ya 2022 mvua zilishindwa misimu mitano mfululizo katika maeneo mengi kame ya Kenya. Septemba 2021 Serikali ya Kitaifa ilitangaza ukame huo kuwa janga la taifa. Kwale imo miongoni mwa kaunti 23 zinazohesabiwa kuwa kame au nusu kame, na wafugaji wetu waliona mifugo ikidondoka njiani kuelekea kwenye maji.

Mkazi wa pwani asidhani jambo hili ni la wenzake. Maziwa na nyama ya sokoni hutoka bara. Maji yakiisha huko, mifugo husogezwa kuelekea kwenye mito na mashamba, na ugomvi kati ya mkulima na mfugaji huanzia hapo. Kisima kinachofanya kazi Kinango huokoa pia shamba la mtu mwingine.

Kisima cha sola hufanyaje kazi?

Mtambo wenyewe si mgumu kuuelewa. Paneli hugeuza mwanga wa jua kuwa umeme. Umeme huo hupita kwenye kifaa cha kudhibiti, ambacho mafundi wengi hukiita inveta au kontrola, kisha hushuka kwa waya hadi kwenye pampu iliyozamishwa ndani ya kisima. Pampu husukuma maji juu kupitia bomba hadi kwenye tangi lililoinuliwa. Kutoka kwenye tangi maji hushuka yenyewe hadi kwenye kibanda cha maji cha watu na kwenye birika la kunyweshea mifugo.

Mitambo mingi ya aina hii haina betri. Tangi ndilo betri. Jua likiwaka, maji hupanda na kuwekwa. Jua likizama, watu huteka kile kilichowekwa. Kwa hiyo tangi dogo ni kasoro kubwa. Tangi linalobeba matumizi ya siku mbili huwavusha watu na mifugo siku za mawingu, ambazo pwani yetu huzijua vizuri mwezi wa Juni na Julai.

Kwale iko karibu sana na mstari wa ikweta, takriban digrii 4 kusini mwake. Kwa sababu hiyo paneli hazihitaji kusimama wima. Huinamishwa kidogo tu, digrii 10 hadi 15, zikielekea kaskazini, ili mvua iweze kuosha vumbi na kinyesi cha ndege.

Faida kuu ya sola ikilinganishwa na jenereta ni kwamba hakuna dizeli ya kununua. Kisima cha dizeli husimama siku ile pesa za mafuta zinapokosekana, na pesa hukosekana zaidi wakati wa ukame, mifugo inapokuwa haina bei. Sola hufanya kinyume: kiangazi kikizidi, jua nalo huzidi, na maji hupanda zaidi.

Hesabu kwanza, paneli baadaye

Kosa linalorudiwa mara nyingi ni kuhesabu watu na kusahau mifugo. Kisima kinapangiwa watu 600, kisha wiki ya kwanza ng'ombe 300 wanasimama mbele ya mfereji.

Tuchukue mfano wa kijiji chenye watu 600, ng'ombe 300, na mbuzi na kondoo 1,000. Mtu mmoja tumpe lita 20 kwa siku, yaani mtungi mmoja. Ng'ombe mmoja wa kienyeji wakati wa joto tumpe lita 30. Mbuzi au kondoo tumpe lita 5. Hesabu itakuwa hivi:

- Watu: 600 mara lita 20 ni lita 12,000.
- Ng'ombe: 300 mara lita 30 ni lita 9,000.
- Mbuzi na kondoo: 1,000 mara lita 5 ni lita 5,000.
- Jumla: lita 26,000 kwa siku.

Zaidi ya nusu ya maji hayo ni ya mifugo. Mpango uliohesabu watu peke yao ungeleta mtambo usiofikia hata nusu ya hitaji.

Sasa tuangalie umeme. Ikiwa maji yanapandishwa mita 80 kutoka chini hadi juu ya tangi, kazi hiyo peke yake inahitaji karibu uniti 6 za umeme kwa siku. Pampu na vifaa vyake hupoteza karibu nusu ya nguvu, kwa hiyo tunahitaji uniti 11 au 12. Tukipata saa 5 za jua kali kwa siku, na tukiongeza kidogo kwa ajili ya vumbi na joto linalopunguza nguvu za paneli, tunafika takriban wati 3,000. Hizo ni paneli 6 za wati 500 kila moja.

Mfano huu haumfanyi msomaji kuwa mhandisi. Unampa swali la kuuliza barazani: mmehesabu ng'ombe wangapi, na maji yanapandishwa mita ngapi? Mkandarasi asiye na majibu ya maswali hayo mawili bado hajaanza kazi.

Kwa nini visima hufa?

Kwale ina historia ndefu katika jambo hili. Miaka ya 1980 ukanda wetu wa kusini ulikuwa mahali pa majaribio ya pampu ya mkono aina ya Afridev, ambayo leo inatumika katika nchi nyingi za Afrika. Pampu hiyo ilibuniwa ili wanakijiji, wakiwemo akina mama, waweze kuitengeneza wenyewe kwa vifaa vichache. Nyingi zilifanya kazi kwa miaka mingi. Nyingine zilisimama mapema.

Watafiti waliofuatilia pampu hizo za Kwale kwa takriban miaka 30 waliona kwamba hatari ya kuharibika iliongezeka pale maji yalipokuwa na chumvi zaidi, pale yalipokuwa mbali zaidi chini, na pale wauzaji wa vipuri walipokuwa mbali. Mambo yote matatu ndiyo hali ya Kinango. Kisima cha huko ni kirefu, maji yake aghalabu ni ya chumvi, na duka la vipuri liko Ukunda au Mombasa. Sola haiondoi hata jambo moja kati ya hayo. Inaondoa dizeli tu.

Kwa kisima cha sola, sababu za kawaida za kusimama ni hizi:

- Bomba la chuma linaliwa na maji ya chumvi, linatoboka, na maji yanarudi chini kabla ya kufika juu.
- Pampu imezungushwa bila maji hadi ikaungua.
- Mchanga umeingia na kusaga pampu.
- Inveta imeharibiwa na joto, radi au wadudu waliojenga ndani yake.
- Paneli zimeibwa au zimefunikwa na kivuli cha mti uliokua.
- Kifaa kidogo kimeharibika, fundi hajaitwa kwa sababu hakuna pesa, na baada ya miezi mtambo mzima umeng'olewa kipande kwa kipande.

Sababu ya mwisho ndiyo inayoua visima vingi kuliko zote. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kisima ni hivyo hivyo.

Hatua za kufufua kisima

Kufufua kisima si kuteremsha pampu mpya kwenye shimo la zamani na kupiga picha. Kazi iliyo sawa hufuata mpangilio.

Kwanza, kumbukumbu. Kila kisima kirefu kilichochimbwa kwa kibali huwa na taarifa zake: kina, mahali maji yalipopatikana, na kiasi kilichotoka siku ya majaribio. Vibali vya kuchimba na kutumia maji ya chini ya ardhi hutolewa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Tafuta karatasi hizo kabla ya kununua chochote.

Pili, kutoa vilivyomo na kusafisha. Mabomba ya zamani, pampu na waya hutolewa. Kisima husafishwa kwa hewa ya shinikizo ili mchanga na tope vitoke. Pale inapowezekana kamera huteremshwa kuona kama kuta za kisima ni nzima.

Tatu, majaribio ya kusukuma maji. Pampu ya majaribio hufanya kazi mfululizo, kwa kawaida saa 24, huku fundi akipima jinsi maji yanavyoshuka ndani ya kisima, kisha akipima jinsi yanavyopanda tena pampu ikizimwa. Hapo ndipo tunapojua kisima kinaweza kutoa lita ngapi kwa saa bila kuchoshwa. Katika mfano wetu, lita 26,000 zikisukumwa kwa saa 6 ni zaidi ya lita 4,300 kwa saa. Ikiwa kisima kinatoa lita 2,500 tu, hata paneli 50 hazitaongeza tone. Itabidi kupunguza matarajio, au kutafuta chanzo cha pili.

Nne, kupima maji yenyewe. Sampuli hupelekwa maabara kupimwa chumvi, floraidi na vijidudu. Majibu yasomwe barazani kwa lugha inayoeleweka, si kubaki ofisini.

Tano, kuchagua vifaa kulingana na majibu hayo. Maji ya chumvi yanataka bomba la plastiki gumu au chuma kisichoshika kutu. Pampu iwekewe kifaa cha kuizima maji yanapopungua. Tangi liwekewe kifaa cha kuzima pampu linapojaa, ili maji yasimwagike ovyo.

Sita, ulinzi. Paneli ziinuliwe juu, bolti zake zichomelewe, na eneo lizungushiwe ua. Lililo bora zaidi ni kuwa na boma la mtu karibu. Mlinzi anayelala palepale hushinda kufuli.

Saba, kutenganisha watu na mifugo. Birika la mifugo lisiwe chini ya mfereji wa watu. Likae angalau mita 30 kutoka kisimani, upande wa mteremko, lijengwe kwa saruji, na maji yanayomwagika yawe na mahali pa kwenda. Kinyesi kinachozunguka kisima hurudi ndani ya maji, na kuhara kwa watoto huanzia hapo.

Kisima cha chumvi hakijafa

Kuna mahali katika eneo bunge la Kinango panapoitwa Maji ya Chumvi. Wataalamu wa miamba wamelipa jina hilo hilo tabaka zima la mawe lililo chini ya sehemu hiyo. Wazee waliotoa jina walikuwa wamekwisha onja.

Visima vingi vya bara vimeachwa kwa sababu maji yake hayanyweki na watu. Lakini mifugo huvumilia chumvi kuliko sisi. Mtu huanza kuyakataa maji yanapozidi miligramu 1,000 hivi za chumvi na madini kwa lita. Kwa miongozo ya kimataifa ya maji ya mifugo, ng'ombe na kondoo huweza kunywa maji yenye hadi miligramu 5,000 kwa lita bila madhara makubwa. Yakizidi hapo tahadhari inahitajika, hasa kwa wanyama wenye mimba na wachanga. Yakizidi 10,000 yana hatari.

Maana yake ni kwamba kisima kinachotoa maji ya miligramu 3,500 hakifai kwa watoto wa shule, lakini kinaweza kuokoa kundi zima la ng'ombe. Kikifufuliwa kwa ajili ya mifugo peke yake, maji ya lambo na ya paa, ambayo ni matamu, yanabaki kwa ajili ya watu. Kijiji kinachopanga hivyo hupata muda mrefu zaidi kabla ya kuanza kuomba maji ya lori. Lazima tu maandishi makubwa yawekwe kwenye kisima hicho: maji haya ni ya mifugo.

Onyo kutoka pwani: jua la bure linaweza kumaliza kisima

Hapa Gazi na vijiji jirani tatizo ni la namna nyingine, na linafaa kufundisha kaunti nzima. Chini ya mchanga wetu maji matamu ya mvua huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya ardhini, kwa sababu maji ya chumvi ni mazito zaidi. Kanuni inayojulikana na wataalamu wa maji husema kwamba kwa kila mita 1 ya maji matamu juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji matamu chini yake. Sikia upande wa pili wa kanuni hiyo: ukishusha maji matamu kwa mita 1 kwa kuyavuta kupita kiasi, maji ya chumvi yanaweza kupanda mita 40 kwa wakati. Kisima kilichogeuka chumvi kwa njia hiyo hakirudi upesi.

Pampu ya mkono ilikuwa na breki yake: mkono ulichoka. Jenereta ilikuwa na breki yake: dizeli iligharimu. Pampu ya sola haina breki. Jua likichomoza inavuta, na hakuna anayehisi gharama. Kwa hiyo kila kisima cha sola, Gazi au Kinango, kinahitaji breki iliyowekwa na watu: pampu isiyozidi uwezo uliopimwa, mita ya kuhesabu maji, na daftari la kuandika kiwango cha maji ndani ya kisima kila mwezi. Kiwango kikishuka mwezi baada ya mwezi, punguza saa za kusukuma kabla kisima hakijakwambia chenyewe.

Maji yakikaa, malisho huisha

Jambo jingine ambalo wafugaji wanalijua kuliko mtu wa ofisini: maji ya kudumu huita mifugo ya kudumu. Lambo lilipokauka, watu walihama na nyasi zikapumzika. Kisima kisichokauka kikifunguliwa mwaka mzima, mifugo hukaa palepale, na baada ya misimu michache kisima kinabaki katikati ya uwanja wa vumbi. Ng'ombe basi hufa kwa njaa akiwa ameshiba maji.

Dawa yake ni makubaliano. Kijiji kinaweza kuamua kwamba birika la mifugo hufungwa mvua zikinyesha na malambo yakijaa, na kufunguliwa kiangazi kikianza. Kinaweza kuamua siku za kila ukoo, na masharti ya wageni wanaopita na mifugo yao wakati wa ukame. Makubaliano hayo yaandikwe wakati wa mvua, watu wakiwa wameshiba na wana subira. Yakijadiliwa kando ya birika tupu huwa yamechelewa, na fimbo zinakuwa karibu.

Pesa ndogo, kila mwezi, mbele ya watu

Paneli nzuri hukaa miaka 25 hivi. Pampu na inveta hazifiki huko, na zitahitaji kubadilishwa zaidi ya mara moja katika umri wa paneli. Swali si kama zitaharibika, bali pesa zitakuwa wapi siku hiyo.

Turudi kwenye kijiji chetu cha mfano. Ikiwa nusu tu ya mitungi, yaani 300 kwa siku, inalipiwa shilingi 2, hiyo ni shilingi 600 kwa siku, au 18,000 kwa mwezi. Kila ng'ombe akilipiwa shilingi 20 kwa mwezi na kila mbuzi shilingi 3, tunaongeza 6,000 na 3,000. Jumla ni shilingi 27,000. Tukitoa 15,000 za mlinzi na msimamizi na 3,000 za mifereji na usafi, zinabaki 9,000 za akiba. Kwa mwaka ni 108,000. Kwa miaka 5 ni 540,000, zikiwa benki kabla pampu haijaungua.

Tatizo huwa si kiasi. Tatizo ni imani. Mtu hukataa kulipa shilingi 2 si kwa kukosa, bali kwa kutojua zinakwenda wapi. Hapa Gazi tuna mfano wetu wenyewe. Mradi wa Mikoko Pamoja, unaoendeshwa na jamii za Gazi na Makongeni tangu 2013, hulinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya kaboni. Mapato yake yamesaidia maji na shule katika vijiji hivyo, na jamii yenyewe ndiyo inayoamua yatumike wapi. Mwaka 2017 mradi huo ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Kamati ya kisima inaweza kuiga jambo hilo moja: hesabu isomwe barazani, kila baada ya miezi mitatu, mbele ya kila mtu.

Mfano wa pili ni wa ufundi. Majaribio ya Chuo Kikuu cha Oxford na washirika wake huko Kyuso, Kitui, yalionyesha kwamba jamii ikiwa na fundi wa kudumu anayejulikana na anayelipwa, muda wa kisima kukaa kimeharibika unaweza kushuka kutoka takriban mwezi mmoja hadi chini ya siku 3. Huduma iliyozaliwa na kazi hiyo, FundiFix, ilianzishwa Kitui na hapa Kwale. Kwa ng'ombe, tofauti ya siku 3 na siku 30 ni uhai.

Nani anawajibika, na wewe ufanye nini?

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama kwa kiasi cha kutosha. Jedwali la Nne linaipa serikali ya kaunti jukumu la huduma za maji. Sheria ya Maji ya 2016 inaitaka kaunti kuweka mipango ya maji kwa maeneo ya mashambani ambako biashara ya maji hailipi, na maeneo ya wafugaji ni ya namna hiyo. Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame nayo hutoa taarifa za hali ya ukame kila mwezi, zikiwemo za Kwale. Taarifa hizo zikionyesha hali inazorota, huo ndio wakati wa kukagua visima, si baada ya malambo kukauka.

Mkazi naye ana sehemu yake:

- Kisima kikisimama, andika tarehe, jina la kisima na dalili. Je, pampu haisikiki? Au inasikika lakini maji hayapandi? Au maji hutoka na mchanga? Fundi akijua dalili mapema, hubeba kifaa kinachofaa safari ya kwanza.
- Peleka taarifa kwa msimamizi wa wadi au ofisi ya maji ya kaunti ndogo, na umjulishe mzee wa mtaa. Baki na nakala.
- Mtu asiye na ujuzi asifungue inveta wala asiguse nyaya za paneli. Paneli hutoa umeme muda wote kuna mwanga, hata kama pampu imezimwa, na umeme huo unaweza kuua.
- Osha paneli kwa maji na kitambaa laini asubuhi mapema, kabla hazijapata moto, na ukate matawi yanayoleta kivuli.
- Hudhuria vikao vya ushirikishwaji wa umma vya bajeti na mpango wa maendeleo wa kaunti. Omba ukarabati wa visima vilivyopo uwekewe fungu lake, kando na uchimbaji wa visima vipya.
- Katika kamati ya kisima wawemo wanaoteka maji na wanaochunga. Kina mama wanajua foleni ya mitungi. Vijana wachungaji wanajua ni mifugo mingapi itakuja.

Kabla ya kusaini kupokea kisima kilichofufuliwa, kamati idai vitu vitano mkononi: majibu ya majaribio ya kusukuma maji, majibu ya maabara, orodha ya vifaa na dhamana zake, namba ya fundi atakayeitikia simu, na daftari la akaunti ya benki. Kimoja kikikosekana, kazi haijakwisha, hata kama maji yanatiririka siku hiyo ya sherehe. Kiangazi kitakuja baada ya sherehe, na ng'ombe watakuja nacho.